Hadhira Iko Wapi? Usiku wa Muziki wa Roki na Suala la Utendaji katika Fasihi Simulizi

Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo huenda likamshangaza msomaji wa jarida la Kiswahili, yaani tamasha la muziki wa roki. Nia yetu si kuutetea muziki huo wala kuushambulia. Tunakusudia kueleza namna onyesho hai la muziki wa aina hii linavyofanya kazi, hasa uhusiano wa mwimbaji na wanaomsikiliza, na kuonyesha kwamba mwanafunzi wa fasihi simulizi anaweza kuondoka humo na swali zito kuhusu utafiti wake mwenyewe. Mwandishi wa makala haya aliondoka na swali la namna hiyo, nalo limemgharimu miezi kadhaa ya kazi.

Ni vyema msomaji ajue tangu mwanzo kazi yenyewe ni ipi. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu vugo, ngoma ya wanawake wa pwani ambayo huchezwa arusini huku wachezaji wakigonga pembe kwa vijiti na kuimbiana. Nilikuwa nimerekodi maonyesho kadhaa mjini Mombasa, nikayanukuu na kuwasilisha sura ya tatu kwa msimamizi wangu. Sura ilirudi na maneno matatu tu pembeni kwa wino mwekundu: "Hadhira iko wapi?" Nilidhani nimelielewa swali. Niliongeza sentensi moja iliyosema kwamba hadhira ilikuwa ya wanawake wapatao arobaini, jamaa na majirani wa bibi arusi, nikairudisha sura. Ikanirudia tena na swali lile lile, safari hii likiwa limepigiwa mstari.

Ukumbini

Wakati ningali katika hali hiyo, rafiki zangu watatu walinishawishi niandamane nao Jumamosi moja hadi ukumbi ulio kando ya Barabara ya Ngong, jijini Nairobi, ambako bendi tatu za vijana wa papa hapa zilikuwa zikipiga roki. Mmoja wa rafiki hao hucharaza gitaa wakati wa mapumziko. Wa pili alisomea uhandisi wa umeme. Wa tatu ni mwanaisimu, mtafiti wa fonolojia, aliyekubali kuja kwa sharti kwamba asiulizwe maoni yake kabla ya saa sita usiku. Hakungoja kuulizwa. Tulipokuwa bado mlangoni tukigongwa mihuri mikononi, alikwisha kutamka kwamba hizo ni kelele za Wazungu, na kwamba sisi wa Kiswahili tuna mengi ya haja kuliko hayo.

Bendi ya kwanza ilipanda jukwaani saa tatu na nusu. Watu hawakuzidi mia mbili, na wengi wao walikuwa nyuma kabisa, kwenye kaunta ya vinywaji, wakiwa wameipa bendi mgongo. Mwimbaji aliwasalimu, wakamwitikia wachache. Alijaribu kuwafanya wapige makofi, makofi yakafa kabla ya ubeti wa pili. Rafiki yetu mpiga gitaa alitudokeza tutazame chini, mbele ya miguu ya mwimbaji, ambako palikuwa pamebandikwa karatasi yenye orodha ya nyimbo. Ilikuwa na nyimbo 8. Baada ya wimbo wa nne mwimbaji alimgeukia mpiga ngoma, wakanong'onezana, na nyimbo mbili zikarukwa. Bendi ilishuka mapema.

Hapo nilianza kutega sikio kwa namna nyingine. Albert Lord, katika kitabu chake The Singer of Tales (1960), anaeleza jinsi waimbaji wa tendi katika Yugoslavia ya zamani walivyoimba mikahawani usiku wa Ramadhani, na jinsi urefu wa utungo ulivyotegemea wasikilizaji: wakiwa wametulia na kuvutiwa, mwimbaji huurefusha, wakichoka au kuondoka, huufupisha. Nilikuwa nimemtaja Lord katika sura ya pili ya tasnifu yangu. Nilikuwa sijawahi kuyaona hayo yakitendeka mbele ya macho yangu, au tuseme niliyaona kule Mombasa lakini sikuyatambua.

Asili ya roki

Dai la mwanaisimu wetu kwamba roki ni mali ya Wazungu ni la kawaida mno nchini mwetu, na halina budi kujibiwa, ijapokuwa kwa ufupi. Muziki huu ulichipuka miongoni mwa Wamarekani weusi. Katika miaka ya 1930 na 1940, Sister Rosetta Tharpe, mwanamke aliyezaliwa Arkansas mwaka 1915 na kulelewa katika uimbaji wa kanisani, alikuwa akipiga gitaa la umeme kwa mtindo ambao wanaume waliokuja kusifiwa baadaye waliuiga. Chuck Berry alitoa wimbo wake "Maybellene" mwaka 1955. Elvis Presley alipopata umaarufu mkubwa mwaka 1956 kwa "Hound Dog", wimbo huo ulikuwa umekwisha kuimbwa na Big Mama Thornton, mwanamke mweusi, aliyeurekodi mwaka 1952. Hata jina la bendi ya Kiingereza ya Rolling Stones, iliyoanza mwaka 1962, lilitokana na wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950. Katika makanisa na mashamba ambako mizizi ya muziki huu imo, uimbaji ulikuwa wa kupokezana: mmoja hutoa, wengine huitikia. Mtu aliyelelewa kwa "Paukwa!" na "Pakawa!" hahitaji kufafanuliwa muundo huo.

Kisa cha Muddy Waters kina jambo jingine linalotuhusu zaidi. Alihamia Chicago kutoka Mississippi mwaka 1943 akiwa na gitaa la kawaida la mbao. Vilabuni watu walikuwa wakinywa, wakizungumza na kucheza kwa kishindo, naye hakusikika. Akachukua gitaa la umeme. Tunaloweza kusema basi ni kwamba umeme uliingia katika muziki huu kwa sehemu kubwa kwa sababu ya hadhira. Kelele za wasikilizaji ndizo zilizobadilisha ala, na ala ikabadilisha muziki.

Umeme na sauti

Rafiki yetu mhandisi alitueleza mambo ya mitambo wakati jukwaa likitayarishiwa bendi ya pili. Nyuzi za gitaa la umeme ni za chuma. Chini yake pana vipande vya sumaku vilivyozungushiwa nyaya nyembamba sana. Uzi unapotikisika huuvuruga uga wa sumaku, na mkondo dogo wa umeme huzaliwa katika nyaya hizo. Amplifaya huukuza mkondo huo na kuupeleka kwenye spika. Ikilazimishwa kuukuza kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti hukatika, na ule ukwaruzo unaowaudhi wazee wetu hupatikana. Mwanzoni ilikuwa ni hitilafu. Wapigaji waliipenda, ikawa ndiyo lugha.

Hali kadhalika ule mvumo mkali unaotokea gitaa linapoelekezwa kwenye spika: sauti ya spika huzitikisa nyuzi, nyuzi huipelekea spika sauti zaidi, nayo huzitikisa tena, bila kikomo. Jimi Hendrix aliutumia mvumo huo kwa makusudi alipopiga wimbo wa taifa la Marekani huko Woodstock, asubuhi ya tarehe 18 Agosti 1969. (Kwa msomaji atakayetaka kwenda kujionea: pamba masikioni haitoshi, nunua vizibo hasa. Masikio yangu yalivuma hadi Jumapili jioni.)

Mzaliwa wa Unguja

Mfano ulio bora zaidi wa uhusiano tunaouzungumzia unatoka kwa mtu aliyezaliwa katika upwa wetu wenyewe. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 katika familia ya Waparsi. Alipelekwa India kusoma, akarudi, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ikahamia Uingereza. Ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen iliyoundwa mwaka 1970. Hatudai kwamba alikuwa mwimbaji wa Kiswahili; hakuwa. Lakini kazi yake na umati inastahili kusomwa na kila anayefundisha utendaji.

Mwaka 1977 Queen ilifanya onyesho katika ukumbi wa Bingley, mjini Stafford, Uingereza. Wanamuziki walipokwisha kushuka jukwaani, watu hawakuondoka. Walianza kuimba wao kwa wao, kwa pamoja, wimbo ambao haukuwa wa Queen, bali ule unaopendwa na mashabiki wa kandanda. Brian May, mpiga gitaa wa bendi hiyo, aliwaza: watu hawa waliosongamana hivi wanaweza kufanya nini? Hawana nafasi ya kucheza. Wanaweza kukanyaga kwa miguu, kupiga makofi na kuimba. Kutokana na wazo hilo alitunga "We Will Rock You", ambao mdundo wake ni vishindo viwili vya miguu na kofi moja. Huu ni utungo ambao sehemu ya hadhira ilitungwa kwanza, na sehemu ya fanani ikaongezwa juu yake.

Lililonigusa zaidi ni namna walivyourekodi. Walikuwa wachache studioni, katika jengo la London lililokuwa zamani la kanisa, nao walitaka sauti ya maelfu. Walikanyaga mbao na kupiga makofi, wakarekodi, wakarudia na kurudia. Kisha May, ambaye alisomea fizikia na baadaye, mwaka 2007, akapata shahada ya uzamifu katika elimu ya nyota, alizirudufu sauti hizo kwa kuzichelewesha kwa vipindi visivyolingana. Sababu ni ya kisayansi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo mtu aliye umbali wa mita 200 kutoka jukwaani husikia baada ya zaidi ya nusu sekunde. Umati haupigi makofi kwa wakati mmoja. Makofi yake hutambaa. May aliuiga utambaaji huo ili msikilizaji aliye peke yake nyumbani ajihisi yuko ndani ya watu wengi.

Tarehe 13 Julai 1985, katika uwanja wa Wembley, London, kwenye tamasha la Live Aid lililoandaliwa kuwachangia waathiriwa wa njaa ya Ethiopia, Queen walipewa dakika zipatazo 20. Watu 72,000 walikuwa uwanjani, jioni, na wengi wao hawakuwa wamekuja kwa ajili ya Queen. Katikati ya onyesho hilo Mercury alinyamazisha ala zote akaanza kuwatolea watu sauti tupu zisizo na maneno, wao wakamrudishia. Alianza kwa sauti nyepesi, akaendelea kuzifanya ngumu, ndefu na zenye kupinda, kama mwalimu anayeupima uwezo wa darasa. Walimfuata hadi mwisho. Hapakuwa na wimbo wowote hapo. Palikuwa na utoaji na uitikiaji peke yake.

Basi nikiwa ukumbini, wakati rafiki yangu mpiga gitaa akinisimulia habari hizi kwa kunipigia kelele sikioni, nilikumbuka kinasa sauti changu. Watu hao walijitesa studioni wakitengeneza umati ambao hawakuwa nao. Mimi nilikuwa na umati halisi, nikaufuta.

Maikrofoni ilipozima

Bendi ya tatu ilianza baada ya saa tano. Ukumbi ulikuwa umejaa, na mbele ya jukwaa vijana walikuwa wakizunguka na kugongana mabega, mchezo unaotisha kwa mbali lakini una adabu zake: anayeanguka huinuliwa mara moja na wale wale waliomgonga. Katikati ya wimbo waliokuwa wakiungojea, maikrofoni ya mwimbaji ilizima. Tuliona midomo yake ikienda bila sauti. Fundi wa mitambo alikuwa akihangaika na nyaya.

Haikupita sekunde tano, wimbo ukachukuliwa na watu. Waliuimba ubeti aliokuwa akiuimba, wakaingia katika kiitikio, wakakirudia. Mpiga ngoma aliwatazama, akapunguza kishindo ili wasikike. Mpiga gitaa aliacha kiunganishi alichopaswa kukipiga, akazunguka juu ya sauti tatu zile zile, akingoja. Mwimbaji alishuka, akaingia miongoni mwa watu na kuimba nao kwa sauti ya kawaida. Maikrofoni ilipopona hakurudi upesi. Wimbo sasa ulikuwa umekwenda mahali pengine, naye alilazimika kuusikiliza kwanza ili ajue aingilie wapi. Kwenye rekodi ya bendi hiyo wimbo huo ni wa takriban dakika 4. Kwa saa yangu usiku ule ulichukua dakika 11.

M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, aliieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na kuingiliana kwa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Kila mwanafunzi wa somo hili ameikariri orodha hiyo kwa ajili ya mtihani. Shida ni kwamba tunaikariri kama orodha. Tunaandika aya moja kuhusu fanani, nyingine kuhusu hadhira (idadi, umri, jinsia), kisha tunaingia katika "uchambuzi", yaani maneno ya fanani peke yake. Neno la uzito katika maelezo ya Mulokozi ni kuingiliana. Ningetakiwa kuunukuu wimbo wa usiku ule kwa njia niliyozoea, ningeandika beti za mwimbaji, kisha mabano yenye neno "(kelele)", kisha beti tena. Dakika 7 za utungo zingekuwa ndani ya mabano.

Nilimgeukia mwanaisimu wetu. Alikuwa akipiga makofi. "Dada," akanipigia ukelele sikioni, "sikiliza wanavyoirefusha irabu ya mwisho. Hakuna aliyewaambia!" Hilo ndilo jambo pekee la sifa alilolitoa usiku kucha, na tangu hapo hataki akumbushwe.

Pale mlinganisho unapokwama

Tusije tukauzidisha mfano huu. Tamasha la roki lina jukwaa lililoinuliwa, mabawabu, kiingilio, na mitambo inayompa mtu mmoja uwezo wa kuwashinda mia mbili kwa sauti. Ushiriki wa hadhira humo aghalabu ni wa kuruhusiwa. Mercury aliwauliza watu 72,000 nao wakajibu, lakini swali lilikuwa lake daima. Hakuna aliyeweza kumgeuzia wimbo. Ilibidi mtambo uharibike ndipo watu wa Barabara ya Ngong wamiliki wimbo kwa dakika chache.

Katika sanaa zetu za pwani mambo ni mengine. Kwenye taarab, mtu huinuka katikati ya wimbo akaenda kumtunza mwimbaji, na namna anavyotembea, anavyoipeperusha noti na anayemtazama huweza kuufanya ubeti usio na jina umlenge mtu aliyeketi safu ya tatu. Mwimbaji hakumtaja mtu. Fumbo limefumbuliwa na hadhira. Kwenye vugo hata jukwaa halipo: anayeitikia sasa ndiye atakayeongoza baadaye, na mwanamke aliye pembeni akishika vyombo vya wageni anaweza kuudaka wimbo na kuupeleka atakako. Kwa hiyo kosa la kuifuta hadhira, ambalo kwa mtafiti wa roki lingekuwa kubwa, kwa mtafiti wa vugo ni kubwa maradufu.

Kelele

Juma lililofuata nilizifungua upya rekodi zangu za Mombasa. Niliweka kando unukuzi wa kwanza, nikaanza tena, safari hii nikiandika kila sauti ninayoweza kuitambua: vigelegele na mahali vinapoanguka, vicheko, mtoto anayeitwa, pembe inayochelewa, anayeingilia kati. Nilichokifanya awali kwa siku mbili sasa kinanichukua majuma matatu kwa kila rekodi, na muda wa kuwasilisha tasnifu umepita. Niliomba niongezewe.

Katika rekodi ya pili, dakika ya 14, kiongozi wa wimbo anatoa ubeti wa kumsifu bibi arusi. Unukuzi wangu wa zamani unaonyesha ubeti huo, kisha "(kelele)", kisha ubeti mwingine ambao katika sura ya tatu niliueleza, kwa kujiamini sana, kuwa mfano wa fanani kubadili dhamira kwa ubunifu wake mwenyewe. Ndani ya yale mabano mna sauti ya mwanamke mtu mzima, mbali na kinasa sauti, inayosema jambo la maneno manne au matano. Wanawake wote wanaangua kicheko. Pembe zinasita. Kiongozi anarudi na ubeti wa pili, na ubeti huo ni jibu. Aliyetangulia kuibadili dhamira alikuwa yule wa mbali, na maneno yake siyasikii vizuri hata nikiyarudia mara thelathini.

Nilimpigia simu mwenyeji wangu wa Mombasa nikamchezea kipande hicho. Alikitambua papo hapo, akacheka tena kama alivyocheka siku ile. Nikamwuliza huyo aliyeingilia ni nani.

"Yule? Yule ndiye mwenye wimbo, mwanangu," akasema. "Kwani wewe hukuzungumza naye?"

Nimekata tikiti ya kwenda Mombasa.